Deni ya faizani: juu ya nini Anjin anashika kisu mwishoni mwa Shōgun

Kama haujaangalia episodi ya 10 ya Shōgun, ile ya mwaka 2024, simama hapa kwanza. Uende uimalize, halafu urudi. Mimi sitaficha kitu.

Jumapili iliyopita tulikuwa watu sita ndani ya chumba cha mmoja wetu, disiki moja, na umeme ulituhurumia ukabaki mpaka picha ya mwisho. Halafu maneno yakaanza. Mmoja akasema: "Toranaga njo mukubwa wa kweli, alishinda vita bila kupigana." Mwingine: "Anjin alitaka kujiua juu ya mapendo. Mariko amekufa, na yeye akachoka, basi." Wa tatu ni mwalimu wa historia, na anapenda kufunga mjadala: "Amekuwa Mujaponi. Ni vile tu." Nilinyamaza, jambo ambalo si desturi yangu. Nikarudi nyumbani nikaangalia tena episodi ya 5 na ya 10 peke yangu. Sasa nasema: wote watatu walisahau ndege aliyeoza.

Kwa wasioijua, kwa ufupi. Ni mwaka 1600, Japani. Mtawala mkubwa amekufa, mtoto wake ni mdogo, wakubwa watano wanashika nchi kwa jina lake, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Toranaga ni mmoja wao, Ishido ni adui yake kule Osaka. Mwingereza John Blackthorne anafika na meli iliyochoka, wanamwita Anjin, maana yake rubani wa meli. Mariko, mama mkristo wa ukoo mkubwa, ndiye mdomo wake, anamtafsiria. Hadithi inatoka kwa riwaya ya James Clavell ya mwaka 1975, na nyuma ya riwaya wako watu wa kweli: Toranaga ni Tokugawa Ieyasu, Anjin ni William Adams.

Watu wengi walingoja vita kubwa katika episodi ya mwisho. Vita haikuja. Sekigahara, ambako Ieyasu wa kweli alishinda Oktoba 1600, tunaonyeshwa kidogo sana, majeshi yamesimama, na Toranaga anaeleza kwa mdomo vile mambo yatakavyokwenda: jeshi la mrithi halitakuja, Ishido atabaki peke yake. Na mtu anayeelezwa ni Yabushige, msaliti, dakika chache kabla ya kujipasua tumbo. Wengine walikasirika. Mimi hapana. Vita ilikuwa imekwisha katika episodi ya 9, siku Mariko alikufa mbele ya mlango kule Osaka. Jina la mpango, Anga Jekundu, tulidhani ni jeshi litakaloshambulia mji. Kumbe ni mwanamke mmoja.

Sasa msalaba. Episodi inaanza na Anjin mzee, kwake Uingereza, amelala kitandani, wajukuu wawili wanauliza juu ya vitu vya Kijaponi, na mkononi ameshika msalaba wa Mariko. Sisi sote tukasema: aha, atarudi kwao, atazeeka. Lakini karibu na mwisho, ndani ya mtumbwi, Fuji anamwaga majivu ya bwana yake na ya mtoto wake mchanga. Wale waliuawa mwanzoni kabisa, sababu bwana alifungua mdomo mahali hakupaswa. Na hapo Anjin anauacha msalaba uende majini. Basi yule mzee hawezi kuwako, maana alichokishika kitandani kimezama. Ile ilikuwa ndoto, tena ndoto ya mtu aliyegongwa na mlipuko. Jina la episodi lenyewe linasema ni ndoto ya ndoto. Na historia inakubali: William Adams hakurudi Uingereza. Alikufa Hirado mwaka 1620.

Kwa hiyo wanaosema anatupa msalaba ili kumsahau Mariko, naona wanakosa. Anachotupa ni ule uzee mzuri, ile hadithi ya kusimulia wajukuu na vitu vya kutundika ukutani. Anakataa kuwa mzungu aliyepita mahali na kutoka na ukumbusho.

Hapa niingie kwenye kisu, maana ndiko niko na maneno mingi.

Anjin anafika Ajiro, kijiji cha wavuvi kilichompokea. Meli yake imeungua na kuzama. Na kwenye njia ya kijiji, vichwa vya watu. Toranaga anatafuta waliosaidia kuunguza meli, na watu wa kijiji wanakufa mmoja mmoja. Anjin anamwomba aache. Toranaga haachi. Ndipo Anjin anakiri kwamba yeye mwenyewe alikuja na mipango yake, alitaka kumtumia Toranaga katika ugomvi wake na Wareno, na anatoa uhai wake mahali pa wale watu. Anachukua kisu, anataka kujipasua. Toranaga anamzuia, halafu anamwambia ajenge meli ingine. Baadaye kidogo, Toranaga akiwa na Yabushige, tunajua ukweli: meli iliunguzwa kwa amri ya Toranaga mwenyewe. Mariko alikuwa amepatana na watu wa Kanisa, meli ipotee ili Anjin aishi. Sasa hesabu mwenyewe: wale wenye vichwa njiani walikufa juu ya kosa gani?

Rudi sasa episodi ya 5. Anjin amepewa nyumba, watumishi, na cheo. Anapata faizani, ndege wa porini mkubwa kuliko kwale, anamtundika nje ili nyama ilainike, kama desturi ya kwao. Anasema kwa mchezo, kwa Kijaponi chake cha kuvunjika, kwamba mtu asimguse, atakayemgusa atakufa. Ndege anaoza, nzi wanajaa, kijiji kizima kinasumbuka na harufu, na hakuna anayethubutu, sababu bwana mkubwa amesema. Mwishowe mzee mmoja mtunza bustani, Uejirou, mgonjwa tayari, anamwondoa. Na anauawa. Anjin anarudi na kuuliza ndege yake iko wapi, ndipo anaambiwa. Anapiga makelele: ndege tu! Lakini neno lilitoka kwa mdomo wake, na cheo ndicho kiliua.

Niwaambie kwa nini picha ile haiwezi kunitoka. Nikiwa kwa stazhi, mwaka wa mwisho wa lisansi, niliweka majaribio ya maharagi kwenye kilima fulani, shamba la mama mmoja. Aina nne, vipande vidogo, nilitaka kupima uzito wa mavuno. Nikasema mbele ya watu, nikicheka hata: "Mutu asiguse mpaka nirudi, ama memwari yangu itakufa." Nilipaswa kurudi baada ya siku kumi. Mvua ikakata barabara, pesa ya njia ikakosekana, nikarudi wiki tano baadaye. Maharagi yalikuwa yameota ndani ya maganda, mengine yameoza chini. Mama alikuwa na watoto watano na ilikuwa miezi ya njaa. Hakuchuma hata kikombe kimoja. Alinionyesha shamba kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima: "Injinia, hatukugusa." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na kofia ya plastiki. Sikuwa mkubwa wa mtu yeyote. Lakini kwake nilikuwa.

Ndiyo maana ninapoona Anjin ameshika kisu Ajiro, sioni mapendo kwanza, na sioni Mujaponi. Naona mtu anayelipa deni ya faizani. Mara ya kwanza mtu wa kijiji alikufa juu ya neno lake, naye aliweza kusema hakujua. Mara hii wanakufa juu ya meli yake, na hawezi kusema tena hakujua. Hakuna aliyemwomba. Fundisho lenyewe alilipata kwa Uejirou: ukiwa na cheo, hata kicheko chako ni amri.

Na sisemi haya kwa kujipendeza tu. Katika riwaya, Anjin anajaribu kujiua mapema zaidi, na sababu ni masomo ya lugha: kijiji kitauawa kama yeye hatajifunza Kijaponi vizuri. Waandishi wa 2024, Rachel Kondo na Justin Marks, walichukua kisu wakakipeleka mwisho kabisa, baada ya bustani, baada ya Mariko. Mtu hahamishi kitu kizito vile bila sababu. Pale kwa riwaya anapinga kulazimishwa. Hapa anajibu kwa ajili ya wengine.

Tubaki sasa na Toranaga, maana najua mtanirukia. Mwenzetu alisema alishinda bila kupigana. Kweli, na Hiroyuki Sanada anamcheza kwa utulivu unaokufanya umpende hata ukiwa umekasirika. Lakini angalia nani amelipa. Episodi ya 7, mtoto wake. Episodi ya 8, Hiromatsu, rafiki wa maisha yote, anajipasua tumbo mbele yake ili adui waamini kwamba Toranaga ameshindwa kweli. Episodi ya 9, Mariko. Hawa wote filme inawalilia, wana majina, wana muziki wao. Halafu episodi ya 10 inatupa vichwa vya Ajiro, bila jina hata moja. Nafikiri ni kwa makusudi. Filme inatupima: tulilia kwa Mariko, je, hawa tutapita tu kama tulivyopita?

Nafasi ya Yabushige katika mwisho ni hiyo pia. Tadanobu Asano anamcheza kama mwizi wa sokoni aliyevaa nguo za mfalme, tukacheka episodi nane. Lakini ni yeye peke yake anayemwuliza Toranaga uso kwa uso: sema basi kwamba ulitaka kuwa shogun tangu mwanzo. Toranaga, ambaye dakika moja mbele alisema yeye haongozi upepo, anausoma tu, hajibu. Anauliza faida ya kumweleza maiti mambo ya kesho, na upanga unashuka. Hapo ndipo nilijua. Mtu anayetafuta amani tu angeweza kujibu hapana. Ni neno fupi.

Mwalimu wetu wa historia atasema: lakini amani ilikuja kweli. Ilikuja, sikatai. Ieyasu alikuwa shogun mwaka 1603, na ukoo wake ulitawala zaidi ya miaka 250. Mwaka 1614 utawala huohuo ulipiga marufuku Ukristo nchi nzima, dini ya Mariko. Na mimi mtu wa kilimo nitaongeza: ukubwa wa mabwana wale ulihesabiwa kwa koku, kipimo cha mchele cha karibu lita 180, wanasema ni chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Yaani bwana wa koku elfu kumi ni bwana wa matumbo elfu kumi. Hawakuhesabu panga kwanza, walihesabu shamba. Ukisikia Toranaga anaota nchi bila vita, uliza mchele wa ndoto hiyo unapandwa na nani. Sisi wa huku tumeshaambiwa mara nyingi tuvumilie kidogo, amani iko njiani, na kila mara wa kuvumilia ni walewale wa kwenye vilima. Kwa hiyo siwezi kumpigia Toranaga makofi haraka. Siwezi pia kumchukia kabisa, maana Ishido angekuwa nini? Filme haisemi, na ni vizuri haisemi.

Kitu kimoja sikubaliani nacho. Wanasema vichwa vya Ajiro vilikuwa mtihani wa kumpima Anjin moyo, na episodi inaacha wazo hilo lipite kirahisi mno. Ningetaka tuone japo nyumba moja, japo mwanamke mmoja anayemtafuta bwana yake asubuhi. Muraji, mvuvi aliyetuficha siri yake muda wote, yuko pale anatafsiri, na uso wake ungeweza kubeba hilo, lakini kamera inamwacha upesi. Dakika mbili tu zingetosha.

Halafu kamba. Picha za mwisho, watu wa Ajiro wako majini wanavuta mabaki ya meli, na Anjin anavuta nao. Buntaro, bwana wa Mariko, aliyemchukia tangu mwanzo, anakuja anashika kamba bila neno. Watu wengi wanaona hapo wanaume wawili wamepatana juu ya mwanamke aliyekufa. Iko hivyo pia. Lakini mimi niliangalia wale wengine kwenye kamba, wavuvi. Wanavuta meli iliyowaulia jirani zao. Toranaga anaangalia kutoka mbali. Anjin yuko ndani ya matope pamoja nao, na safari hii hakuna amri yoyote aliyoitoa.

Yule ndugu wa "alishinda bila kupigana", disiki iko kwangu mpaka Jumamosi. Njoo tuangalie episodi ya 5 tena. Niko na maharagi pia.