Mezani, Mipango Si Matumizi

Watu watano wamezunguka meza. Mbele yao kuna karatasi, penseli, dadu za pande nyingi na sahani ya karanga. Wanne kati yao wamebeba mhusika mmoja mmoja: daktari, mwandishi wa habari, mwanajeshi mstaafu, mwizi wa vitabu. Wa tano hana mhusika wake, kwa sababu waliobaki wote ni wake: polisi, mpishi, karani wa meli, muuaji, hata mbwa wa muuaji. Wanne wanasema wahusika wao wanafanya nini, wa tano anaeleza kinachotokea, na penye shaka dadu zinaamua. Wakikutana tena wiki ijayo wanaendelea pale walipoachia. Mfululizo huo, ambao wenyewe huuita kampeni, unaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi.

Huyo wa tano, mwendesha mchezo, hujiandaa kwa saa nyingi kwa ajili ya kikao ambacho hajui kitaelekea wapi. Akishafika mezani inabidi awe tayari kuyaacha aliyoyaandaa, bila kununa. Wahenga walisema mipango si matumizi. Yeye msemo huo anauishi kila wiki, na ufundi wake wote umo katika namna ya kupanga huku akijua hivyo.

Mchezo wenyewe ulizaliwa siku mipango ilipovurugika. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita vya enzi ya Napoleon. Safari hii hakumpa kila mtu jeshi. Wengine aliwapa watu wa kuigiza, meya na wakubwa wengine wa mji wa kubuni ulioitwa Braunstein. Kabla majeshi hayajakutana, wachezaji walikwishaanza kuitana pembeni, kunong'onezana, kuwekeana ahadi na kusalitiana, na kumletea Wesely hoja ambazo sheria zake hazikuwahi kuzifikiria. Mambo yakamwendea mrama, akaona ameharibu. Wenzake wakamwomba aandae mwingine.

Dave Arneson, mmoja wa kundi hilo, aliuchukua mtindo huo na mwaka 1971 akaanzisha Blackmoor, nchi ya kubuni yenye ngome na mashimo ya kutisha chini yake, ambamo mchezaji aliendelea na mhusika yuleyule kikao baada ya kikao. Alimwonyesha Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kiboksi kidogo. Yale yaliyomtia Wesely hofu, yaani wachezaji kufanya wasilotarajiwa kufanya, ndiyo yaliyonunuliwa.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuandika riwaya. Anapanga sura ya kwanza hadi ya kumi, anawatungia wahusika wake hotuba, kisha kikao cha kwanza wachezaji wanapanda gari-moshi lisilo lake. Fanani wa ngano anajua sungura atamshinda fisi. Hadhira huitikia na kucheka, lakini haiwezi kumwamuru sungura apite njia nyingine. Katika mchezo huu hadhira ndiyo sungura. Kwa hiyo mwendesha mchezo mzuri huandaa sababu, na matokeo anawaachia walioketi mbele yake.

Kuona hilo linavyofanyika, chukua kampeni moja ambayo wapenzi wa mchezo huu huihesabu miongoni mwa bora zilizowahi kuchapishwa. Inaitwa Masks of Nyarlathotep, iliyoandikwa na Larry DiTillio akishirikiana na Lynn Willis, ikatolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1984. Ni ya mchezo wa Call of Cthulhu, ambao Sandy Petersen aliutunga mwaka 1981 kutokana na hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft. Ni Januari 1925. Jackson Elias, mwandishi wa vitabu kuhusu vikundi vya siri, amewaita rafiki zake wakutane naye New York. Wanapofika hotelini wanamkuta ameuawa.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Chumbani mna vitu vichache: kiberiti cha baa moja ya Shanghai, barua iliyotoka Kairo, kadi ya taasisi ya London, kadi ya kampuni ya New York inayoagiza bidhaa nje. Anayekwenda kuuliza katika kampuni hiyo anagundua kwamba mzigo fulani hutoka kwa mfanyabiashara wa Mombasa. Nyuma ya yote kuna msafara wa tajiri mmoja uliopitia London na Misri, kisha ukaripotiwa kuangamia Kenya. Karatasi hizo zimechapwa ili zikatwe na kukabidhiwa wachezaji mkononi. Wanazipanga mezani, wanazigeuza, wanabishana, na baada ya nusu saa wamechagua bara la kwenda. Hakuna aliyewachagulia. Kila njia inafika mahali palipoandaliwa, na kila mahali pana kitu kinachowarudisha kwenye mahali pengine.

Justin Alexander, Mmarekani anayeandika kuhusu uendeshaji wa michezo hii, ameufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa kanuni: jambo lolote ambalo wachezaji lazima waligundue liwekewe vidokezo visivyopungua vitatu. Aliyewahi kuendesha kikao anajua kwa nini. Barua uliyoitegemea watakaa juu yake bila kuisoma. Shahidi uliyemwandaa watamtilia shaka tangu neno la kwanza na kumfukuza. Cha tatu watakipata, nusu kwa bahati, na watajiona werevu kupindukia. Waache wajione hivyo, wamestahili.

Uzuri wa pili wa kampeni hii umo kwenye tarehe. Maadui wamepanga kufungua lango la maafa siku ya kupatwa kwa jua, 14 Januari 1926. Kupatwa huko kulikuwa kwa kweli: siku hiyo kivuli cha mwezi kilipita Afrika Mashariki, kikavuka Bahari ya Hindi hadi Sumatra. DiTillio aliichukua siku ambayo imo katika kumbukumbu za wanajimu, akaifanya ukuta usiosogea. Tangu hapo kila uamuzi una bei. Kutoka Uingereza hadi Mombasa kwa meli ni wiki kadhaa. Kutoka Mombasa, treni ya Reli ya Uganda hulala njiani kabla ya kufika Nairobi. Anayevunjika mguu Kairo atalala hospitali siku ngapi? Mwendesha mchezo anahesabu, anaweka alama kwenye kalenda, na wachezaji wakiiona kalenda hiyo mezani hawahitaji kuhimizwa.

Kwa msomaji wa huku kwetu, sura ya Kenya ndiyo inayoonyesha kazi iliyobaki kwa anayeendesha hata baada ya kununua kitabu. Kitabu kinamtaja Johnstone Kenyatta, na kweli katika Nairobi ya wakati ule alikuwapo mtu huyo, hajawa Jomo bado, akifanya kazi idara ya maji ya manispaa. Lakini kitabu hakiwezi kujibu kila swali. Wahusika wakishuka stesheni, watalala wapi? Mzungu atakwenda Norfolk, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1904. Mhindi ana jamaa karibu na Bazaar. Mwafrika akitembea usiku anaweza kusimamishwa na askari na kudaiwa kipande, kile cheti ambacho wanaume walilazimika kukibeba, aghalabu katika kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Shilingi ilikuwa bado ngeni, imeingia mwanzoni mwa miaka ya 1920 baada ya rupia na florini, na wazee wangali wakihesabu kwa rupia. Anayejua mambo haya hana haja ya kuandika tukio lolote. Wachezaji wanne wenye rangi tofauti wakitaka kula chakula cha jioni pamoja, tukio limekwisha kujiandika.

Maarifa hayo yanasaidia pia kurekebisha kasoro za kitabu. Toleo la 1984 liliwachora Waafrika na Waasia wengi kwa picha zilezile za riwaya za kale za Kizungu, waabudu mashetani wanaonong'ona gizani. Toleo jipya la 2018, lenye zaidi ya kurasa 600 na utangulizi mpya unaotokea Peru, limejitahidi kuwapa watu hao nia, kazi na majina yanayoaminika. Mwendesha mchezo makini huendeleza kazi hiyo. Kwa kila mtu anayemweka njiani anajiuliza anataka nini, anamwogopa nani, na atafanya nini kesho endapo wachezaji hawatamgusa. Kabla ya kuanza kampeni huwakalisha wenzake na kukubaliana ni mambo gani hayataletwa mezani kabisa, maana hofu ya mchezo inafurahisha tu pale kila mmoja anapojua mipaka yake.

Kikao kinapoanza, ufundi unahamia masikioni. Aliye hodari anaongea kidogo kuliko unavyodhani. Anaeleza chumba kwa sentensi mbili, harufu moja na kitu kimoja kisichokaa sawa, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Halafu ananyamaza. Wachezaji wakianza kukisia nani msaliti, anasikiliza, na wakati mwingine kisio lao ni zuri kuliko alichokiandaa. Analichukua bila kusema. Pembeni ana orodha ya majina yasiyo na mwenyewe, Wanjiru, Omar, Otieno, Fatma, Desai, ili mtu akiuliza ghafla jina la muuza chai asibabaike. Muuza chai aliyepewa jina papo kwa hapo mara nyingi ndiye anayeishia kupendwa na meza nzima, huku mwovu aliyeandikiwa kurasa nne akipigwa risasi kabla hajafungua mdomo.

Dadu nazo zina adabu yake. Katika Call of Cthulhu mchezaji hurusha dadu mbili za pande kumi kupata namba kati ya 1 na 100. Mwenye ujuzi wa 60 katika jambo fulani anafaulu akipata 60 au pungufu. Asiye na uzoefu atamrushisha mtu dadu ili aone barua pekee iliyomo kwenye droo, na dadu zikikataa, hadithi nzima inakwama hapo. Mzoefu atampa barua, kisha dadu ziamue gharama yake: je, mlinzi amesikia droo ikilia? Toleo la saba la mchezo huo, la mwaka 2014, limeingiza kanuni nzuri inayomruhusu aliyeshindwa kujaribu tena kwa kujitosa, kwa sharti kwamba akishindwa mara ya pili mambo yatakuwa mabaya zaidi. Mwendesha mchezo anaweza kumdokeza mapema ubaya wenyewe ni upi. Mkono unaoshika dadu baada ya maneno hayo haushiki kama ulivyoshika mwanzo.

Kikao kikiisha, wachezaji wanakwenda kulala na yeye anabaki na daftari. Gygax, katika mwongozo wake wa mwaka 1979 kwa waendesha mchezo, alitumia herufi kubwa kusisitiza kwamba muda unaopita ndani ya kampeni lazima uandikwe kwa ukamilifu. Wengi wamelicheka agizo hilo, wakaja kulikubali walipojikuta na mhusika aliye Kairo na London siku moja. Siku hizi wengine hutumia njia iliyomo katika Blades in the Dark, mchezo wa John Harper: unachora duara, unaligawa vipande, na kila adui anapopiga hatua unajaza kipande. Duara likijaa, jambo limetokea, wachezaji wawepo wasiwepo. Waliompuuza bwana wa bandari mwezi wa tatu watakuta mwezi wa tano bandari ni yake.

Hata hivyo, kampeni nyingi haziuawi na majini. Zinauawa na ratiba za watu wazima: zamu ya usiku, mtoto mgonjwa, harusi ya binamu. Ben Robbins, Mmarekani, alilikabili hilo katika kampeni yake ya West Marches kwa kuwaachia wachezaji wenyewe wapange siku na mahali pa kwenda, mradi kila safari imalizike kwa kurudi mjini, ili mara ijayo aende yeyote mwenye nafasi. Robert Wardhaugh, profesa wa historia huko London, Ontario, nchini Kanada, ameendesha mchezo mmoja tangu mwaka 1982. Hakuna mpango ulioandikwa mwaka ule ambao ungeweza kulisha meza kwa miongo minne. Meza inalishwa na mtu anayekumbuka nani anamdai nani katika nchi isiyokuwapo, na ambaye bado ana hamu ya kujua wenzake wataamua nini.

Anayetaka kujaribu hana haja ya kuumba dunia nzima. Aandae mji mmoja anaoujua, watu watatu wanaotaka vitu visivyopatana, tarehe moja isiyosogea, na marafiki wanne walio huru Jumamosi jioni. Aanze na kuwatafuta hao marafiki, maana ndio wagumu kupatikana; mengine yataandikika kwa usiku mmoja, na nusu yake hayatatumika.