Tommy Aliyevalishwa Suti

Nilianzia mkiani. Tommy wa kwanza kuingia masikioni mwangu alikuwa yule wa 1972: London Symphony Orchestra na kwaya nyuma, waimbaji waalikwa mbele. Kwa wiki nzima niliamini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Halafu nikasikiliza ya 1969, ya The Who wenyewe, wanaume wanne tu, nikaona nilichokuwa nimenyimwa.

Kwanza, ngoma. Keith Moon hatunzi mapigo. Anagombana na gitaa la Pete Townshend, na ugomvi huo ndio unaoisukuma hadithi. Fidla zinapochukua nafasi yake, kila kitu kinakuwa kikubwa na hakuna chenye haraka. Hata honi: mwaka 1969 alizipuliza mpiga besi, John Entwistle, mwenyewe. Unamsikia mtu. Za okestra zinanikumbusha gwaride.

Waalikwa ni habari nyingine. Awali Townshend ndiye aliyeimba "The Acid Queen", mwanamume katika nafasi ya mwanamke. Mtayarishaji Lou Reizner akampa Merry Clayton, sauti ileile iliyounguza "Gimme Shelter" ya Rolling Stones. Sasa huyo mwanamke anayedai atamponya mtoto asiyeona, asiyesikia wala kusema ni mtu kweli, na unamwogopa. Hapo nasalimu amri.

Lakini kuna "Fiddle About", wimbo wa Mjomba Ernie, anayemnyanyasa mtoto huyo kingono. Townshend alishindwa kuuandika, akamwomba Entwistle. Miaka mingi baadaye alisema hadharani kwamba anaamini naye alinyanyaswa utotoni. Entwistle aliuimba kwa ubaridi unaokufanya utake kutoka chumbani. Mwaka 1972 wimbo huo alipewa Ringo Starr. Ringo, jamani! Mtu ambaye dunia nzima inampenda. Unatabasamu kabla hujachukizwa.

Rafiki yangu darasani anasema huo ndio ukweli wenyewe: mjomba wa namna hiyo mara nyingi ndiye anayechekesha ukoo mzima. Sikumjibu siku ile. Kwetu pia alikuwepo mmoja, watoto tulimkimbilia langoni, na mpaka leo kuna binamu yangu asiyekuja akijua atakuwepo.

Kwa hiyo simkatalii. Ninachokataa ni kinachofuata. Katika matoleo yote mawili, "Pinball Wizard" inakuja mara tu mjomba anapomaliza. Mwaka 1969 gitaa la mwanzo linasikika kama mtu anayekimbia kutoka kwenye chumba kile. Mwaka 1972 anaingia Rod Stewart, mgeni anayefuata kwenye ratiba, na mtoto tunamwacha nyuma ya pazia.

Siku hizi nachanganya: Merry Clayton wa 1972, kisha Entwistle wa 1969. Baada ya Entwistle nazima kwanza, dakika moja hivi, ndipo naruhusu gitaa liingie.