Nani Alijenga Mji? Karagwe, Nadharia ya Kihamiti na Uwakilishi wa Mbari katika Michezo ya Dhima ya Kifantasia

Uhakiki wa uwakilishi wa mbari katika michezo ya dhima ya mezani umejikita zaidi katika namba. Sababu inaeleweka. Katika michezo hii watu wachache huketi pamoja. Mmoja husimulia ulimwengu na kuamua matokeo, na kila mmoja wa waliosalia hujitwalia mhusika ambaye nguvu zake, akili zake na haiba yake zimeandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi. Dadu hurushwa, tarakimu hujumlishwa, simulizi husonga mbele. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, mhusika amekuwa na asili pia: mtu, elvi, mbilikimo na wengineo. Baadaye asili hiyo ikawa inaongeza au kupunguza tarakimu. Katika kanuni za mwaka 1978, nusu-orki aliongezewa nguvu na kupunguziwa haiba. Katika toleo la mwaka 2000 alipunguziwa akili pia. Kitabu cha mwaka 2016 kiliwapunguzia orki akili kwa alama mbili, na punguzo hilo lilifutwa mwaka 2020 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Toleo la mwaka 2024 liliacha kabisa neno mbari na kutumia spishi.

Mabadiliko hayo yana maana, na mhakiki anayeyabeza hajawahi kufikiria ilivyo kwa kijana mweusi kuketi mezani na kusoma kwamba viumbe fulani huzaliwa wakiwa na akili pungufu. Hata hivyo, hoja inayojengwa hapa ni kwamba namba ni tawi tu. Shina ni simulizi ya asili: nani alikuwapo, nani alikuja, na nani kati yao alijenga kilicho bora. Mchezo unaweza kufuta alama zote za mbari katika majedwali yake na simulizi hiyo ikabaki nzima. Historia ya simulizi hiyo inapita, tena si kwa mfano, katika ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Kagera.

John Hanning Speke aliwasili Karagwe mwezi Novemba 1861, akapokewa na Mukama Rumanika, na akakaa hadi Januari iliyofuata. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1863 alitenga sura nzima kwa historia ya wale aliowaita Wahuma. Aliona ufalme wenye adabu, mifugo mingi na utawala uliopangika, na akakataa kwamba watu weusi wangeweza kuuanzisha. Akahitimisha kwamba watawala walitoka Uhabeshi, wazao wa Hamu na Shemu, na kwamba wakulima waliowakuta walikuwa watu wa daraja la chini kwa maumbile. Ushahidi wake mkuu ulikuwa sura za watu. Hakuchimba ardhi, na masimulizi ya wenyeji aliyapokea pale tu yalipokubaliana na alichokwisha kukiamini.

Katika kurasa hizohizo kuna tukio ambalo wahakiki wa michezo hawajalipa uzito unaostahili. Speke alimpima shemeji wa Rumanika kwa utepe: mkono, kifua, paja, muundi, kimo, kisha akaziorodhesha tarakimu hizo kwa wasomaji wake wa Uingereza. Mtu wa nyumba ya mukama akageuzwa karatasi ya mhusika. Haidaiwi hapa kwamba Gygax alimsoma Speke. Kinachodaiwa ni kwamba tabia ya kuieleza jamii kwa vipimo vya mwili, kisha kuvifanya vipimo hivyo vieleze ustaarabu wake, ilikuwa na jukwaa lake la mapema katika Karagwe, na kwamba ilirithishwa kwa sayansi na kwa riwaya kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa sayansi, njia inajulikana vizuri tangu Edith Sanders alipoichambua mwaka 1969. C. G. Seligman aliifanya nadharia hiyo kuwa maarifa ya kawaida ya vyuo katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu mbari za Afrika. Kwa upande wa riwaya, H. Rider Haggard aliwapeleka wahusika wake bara kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi kwenye magofu ya Kôr yanayotawaliwa na malkia mweupe, katika riwaya ya She ya mwaka 1887. Edgar Rice Burroughs alikwenda mbali zaidi: mwaka 1913 alimfikisha Tarzan katika mji wa Opar, koloni la Atlantis ndani ya msitu wa Afrika. Burroughs ametajwa na Gygax mwaka 1979 katika orodha ya waandishi waliouathiri mchezo wake, ingawa mifululizo iliyoorodheshwa pale si ile ya Tarzan.

Kutoka Opar hadi Saventh-Yhi ni hatua moja. Saventh-Yhi ni mji uliopotea katika mfululizo wa mikasa uitwao Serpent's Skull, uliochapishwa kwa mchezo wa Pathfinder na kampuni ya Paizo ya Marekani kuanzia mwaka 2010. Mji umo ndani ya msitu wa Mwangi, eneo linaloiwakilisha Afrika bila kificho. Walioujenga ni Waazlanti, watu wa bara lililozama baharini, na jina lao linarudia lile la Atlantis kwa mabadiliko ya herufi chache. Wanaoukalia ni makundi yanayogombania magofu yasiyo kazi ya mikono yao. Ikumbukwe kwamba kanuni za Pathfinder hazikuwapunguzia watu wa Mwangi alama hata moja. Wanadamu wote humo ni mbari moja yenye uwezo sawa. Mhakiki wa namba angepita hapa na kutoa cheti cha usafi. Lakini swali la Speke limejibiwa kwa jibu lilelile: palipo na jiwe lililochongwa, alipita mgeni.

Majina nayo yanasema. Mwangi ni jina la mwanamume wa Kigikuyu, na hapa limebebeshwa msitu mzima na watu wake. Zenj, jina la kundi lao kubwa, linatokana dhahiri na Zanj, neno ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki na ambalo bado linasikika katika jina Zanzibar. Mchezoni limepewa wakazi wa bara, kana kwamba ramani iliinamishwa na majina yakateleza.

Haki inadai isemwe kwamba Paizo iliyasahihisha mengi. Toleo la pili, la mwaka 2019, lilibadili neno mbari na kuweka nasaba. Sargava, koloni la walowezi lililokuwa limepambwa kama mahali pa mikasa, liligeuzwa kuwa nchi iliyojikomboa iitwayo Vidrian. Mwaka 2021 kilitoka kitabu kipya kuhusu Mwangi, na pamoja nacho Strength of Thousands, mfululizo ambamo wachezaji ni wanafunzi wa Magaambya, chuo cha uchawi kilichoanzishwa na mwanachuoni wa nchi hiyohiyo, Jatembe. Hili ni badiliko la shina, na lina thamani kuliko marekebisho yote ya majedwali yaliyotajwa mwanzoni: mwenyeji amejenga, na mgeni anakuja kujifunza.

Msomaji anaweza kuuliza kama mambo haya yana uzito wowote Bukoba au Muleba, ambako michezo hii haina mazoea. Jibu limo katika Mto Kagera. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera aliwaambia Watutsi katika hotuba ya hadhara kwamba kwao ni Uhabeshi na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya Mto Nyabarongo. Nadharia iliyoandikwa kwa mwanga wa taa huko Karagwe ilikuwa imezunguka kupitia seminari, shule na vitambulisho vya kikoloni, ikarudi kama amri ya kuua. Mwaka 1994 Nyabarongo ulimwaga miili katika Kagera, na Kagera ukaifikisha Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo zaidi ya watu 200,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara. Mahmood Mamdani ameonyesha mwaka 2001 jinsi wazo la mgeni aliyekuja kutawala lilivyowafanya majirani kuwa mbari mbili. Fantasia haikuua mtu. Ila inapolihifadhi wazo hilo kama pambo lisilo na madhara, inalihifadhi likiwa hai.

Jibu la kitaalamu kwa Speke lilikuwa ardhini muda wote, kilomita chache kutoka mji wa Bukoba. Katika kijiji cha Katuruka, Peter Schmidt aliongozwa na masimulizi ya wazee hadi mahali panapoitwa Kaiija, penye kumbukumbu ya Mukama Rugomora Mahe, na akachimbua mabaki ya uyeyushaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walieleza jinsi mafundi wa Buhaya walivyoingiza mirija ya udongo ndani ya tanuru ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye moto, na hivyo kupata chuma cha pua. Kazi hiyo iliutangulia kwa karne nyingi utawala wa Wahinda, ukoo ambao kwa mujibu wa Schmidt ulijitwalia Kaiija ili kujipatia uhalali. Mpangilio wa Speke unapinduka: aliyekuja ndiye aliyeazima heshima kwa aliyekuwapo.

Isidhaniwe kwamba Buhaya haikujua tabaka. Nyarubanja, mfumo uliomfanya mkulima kuwa mpangaji katika kibanja alichokilima, uliendelea Ihangiro na kwingineko hadi sheria ya mwaka 1965 ilipoufuta. Masimulizi ya nasaba aliyoyaandika F. X. Lwamgira katika Amakuru ga Kiziba ni ya wafalme kwanza, na tendi za enanga alizozitafiti M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986 zina watwana na mabwana. Lakini katika mila hiyohiyo Mchwezi, awe Mugasha mwenye ziwa au Irungu mwenye pori, humpanda mtu asiye wa nyumba ya kifalme, mara nyingi mwanamke, na kwa muda huo mtu huyo husema kwa sauti yake na huheshimiwa kwa cheo chake. Hii ni dhima inayotwaliwa, wala haisomwi katika mwili wa mtu.

Suala hili linakuwa zito zaidi mtu anapofikiria kuandika kanuni za mchezo kama huu kwa Kiswahili. Spishi, neno lililochaguliwa na Wamarekani, ni la biolojia na linajenga ukuta mrefu kuliko ule uliobomolewa. Mbari ni ukoo kabla ya kuwa rangi, na maana hiyo ya kwanza ndiyo iliyo karibu na Buhaya, ambako ukoo humpa mtu omuziro: mnyama au kitu ambacho ni mwiko kwake. Karatasi ya mhusika iliyoandikwa kwa msingi huo isingeanza na alama za nguvu na akili. Ingeanza na kile ambacho mhusika hali, watu ambao hawezi kuoana nao, na nyumba ambazo akifika usiku akiwa mgeni ni lazima zimfungulie.