Mtesa, Mutesa, Muteesa

Katika vitabu vya historia nilivyosoma, Kabaka wa Buganda aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884 huandikwa kwa namna tatu: Mtesa, Mutesa na Muteesa. Wengi watasema tofauti hiyo ni ya herufi tu. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu inatoka katika Kiswahili chenyewe.

Mtesa ni tahajia ya Speke, aliyefika huko mwaka 1862, na ya Stanley, aliyefika mwaka 1875. Wote wawili walisafiri na watu wa misafara waliozungumza Kiswahili. Speke alisemezana na mkalimani wake, Bombay, kwa Kihindustani, naye Bombay akasemezana na wenzake kwa Kiswahili. Jina likapata umbo la Kiswahili, kama sisi tunavyosema mtu pale Mganda anaposema omuntu. Hata Buganda iliingia katika ramani kwa matamshi yetu, ikawa Uganda.

Kufanya hivyo si dhambi. Kila lugha hulivisha jina geni nguo zake. Lakini msomaji wa Kiswahili akikutana na Mtesa husikia kutesa, na kabla hajasoma tendo hata moja la mfalme huyo, amekwisha kumhukumu. Kumbe kwa Kiganda okuteesa ni kushauriana, kujadili jambo barazani.

Mutesa, namna iliyozoeleka pia kwa kitukuu chake, rais wa kwanza wa Uganda, inarudisha u lakini inaacha e moja. Nayo si pambo. Kwa Kiganda okusiga ni kupanda mbegu, na okusiiga ni kupaka. Ndiyo maana tahajia iliyokubaliwa mwaka 1947 huandika irabu ndefu kwa herufi mbili.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki: Kabaka huyu alikuwa na jina jingine la awali, Mukaabya, maana yake mwenye kuliza watu. Akalifuatisha na jina la shauri. Nasi, kwa herufi mbili tulizoziacha, tumemrudisha kwenye machozi.

Simtetei. Damu ilimwagika katika enzi yake, na Speke aliyaandika aliyoyaona. Ahukumiwe kwa hayo. Ila mwandishi wa Kiswahili aandike Muteesa, na anapomnukuu Speke aiache Mtesa ilivyo, kisha amweleze msomaji kwamba jina hilo halitokani na mateso.