Madume Sita Huokoa Kuliko Majike Sitini

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, nguruwe wa Kunekune wenye damu safi walikadiriwa kubaki kama 50 tu huko New Zealand. Kwa vizazi vingi Wamaori walikuwa wamewafuga kwa nyama na mafuta. Mwaka 1978, Michael Willis na John Simister, wamiliki wa hifadhi mbili za wanyama, walianza kuwazalisha wakiwa na majike 6 na madume 3. Leo Kunekune amevuka hatari ya kutoweka, na wafugaji wadogo wanaye hadi Uingereza na Marekani.

Katika hesabu hiyo ya mwanzo, tarakimu ya kutazama kwa makini ni ile ya madume 3.

Kila mtoto hupata nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Dume akiwa mmoja, watoto wote ni ndugu kwa baba, hata mama zao wawe mia. Wataalamu wa uzalishaji hupima hali hii kwa kanuni nyepesi: zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya wanyama wote. Jibu ni ukubwa halisi wa kundi kwa upande wa damu. Dume 1 na majike 8 hutoa 3.6, madume 3 na majike 6 hutoa 8. Makundi yote mawili yana nguruwe 9, lakini la kwanza hupoteza takribani asilimia 14 ya utofauti wa urithi katika kila kizazi, na la pili asilimia 6 hivi.

Sasa ongeza majike hadi 60 bila kugusa yale madume 3. Jibu linapanda hadi 11.4 tu. Kundi dogo la madume 6 na majike 6 linafika 12. Nguruwe 12 wanahifadhi damu zaidi kuliko nguruwe 63!

Shida ni kwamba dume hula mwaka mzima na hazai. Ndiyo maana mfugaji hukimbilia kumhasi au kumchinja. Hapa maumbile ya Kunekune yalisaidia sana. Ni mfupi, mpole, na hushiba kwa majani ya malisho kuliko nguruwe wengi. Pua yake fupi huchimbua ardhi kwa kiasi kidogo. Kaya yenye kipande cha nyasi, uzio imara na banda kavu inaweza kumtunza dume bila gharama kubwa ya pumba na mahindi. Nafaka nyingi humdhuru, maana hunenepa upesi hata uzazi ukapungua. Kwa hiyo dume ambaye shamba kubwa lingemwona mzigo, mfugaji mdogo anammudu.

Lakini damu ikisambaa katika kaya nyingi, nani atajua nani ni ndugu wa nani? Jibu la wafugaji wa Uingereza ni majina ya nasaba. Dume hubeba jina la ukoo wa baba yake, kama Tutaki au Te Whangi. Jike hubeba la ukoo wa mama yake, kama Rona au Trish. Ukoo ukikaribia kukatika, huonekana mara moja kwenye daftari.

Mpango huo una mtego, na anayenunua lazima aujue. Tutaki akimpanda Rona, mtoto wa kiume huitwa Tutaki na dada yake huitwa Rona. Majina ni tofauti, kumbe wamezaliwa tumbo moja! Wakizalishana, robo ya urithi wa watoto wao hutarajiwa kuwa nakala zilezile kutoka pande zote mbili, na hapo kasoro zilizojificha hupata nafasi ya kujitokeza. Jina peke yake halitoshi. Soma wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili kabla hujatoa fedha.

Kwa hiyo mwenye nafasi ya nguruwe mmoja zaidi katika mbegu adimu asikimbilie jike mwingine. Achukue dume wa ukoo unaopungua, aandike kila uzao, na awapokee majike wenye afya wa wafugaji wenzake. Kaya moja haiokoi mbegu. Kaya ishirini zenye madume ishirini ya koo mbalimbali zinaweza.