Nzuri, Ila

Kundi letu la WhatsApp linaitwa kwa kifupi cha kozi na mwaka tuliovaa joho. Admini wake, ambaye enzi zile alikuwa ndiye kiongozi wa darasa, ana desturi moja: kila Desemba huandika, "Wana, tujuzane tulipofika." Basi zinamiminika. Nimezisoma kwa miaka minne sasa, mwanzoni kama mwenzao, siku hizi kama mtu aliyesomeshwa fasihi na ambaye hajui namna ya kuacha kuhakiki. Nadhani taarifa hizi ni utanzu. Una kanuni zake na mafundi wake, na kwa maoni yangu umekwama.

Anza na njeo. Waliopata huandika kwa "-me-": nimeajiriwa, nimehamia, nimefunga ndoa, nimebahatika kuongoza timu. Ambao hawajapata huandika kwa "-na-": tunapambana, tunasukuma siku, mapambano yanaendelea. "-li-" haipo. Hakuna anayesimulia kilichotokea siku fulani, mahali fulani, nani alisema nini. Ndiyo maana taarifa hamsini husomeka kama mbili. Mwaka juzi jamaa mmoja aliyeingia serikalini alituwekea picha ya hati yake ya kwanza ya mshahara, ameizungushia duara ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, na chini akaandika, "Bodi wamefika mezani kabla yangu." Tulicheka sana. Kwangu mimi ndiyo ilikuwa sentensi pekee ya Desemba ile yenye kitu cha kushika mkononi.

Liko neno moja ninalolihusudu: najishikiza. "Nipo sehemu hapa najishikiza." Fundi cherehani hushikiza kitambaa kwa sindano za pini kabla hajakipitisha kwenye mashine, na kikivutwa hapo kinaachia. Sijui neno jingine linaloieleza hali yetu vizuri kiasi hicho. Bahati mbaya tunalitumia kufungia mazungumzo. Mtu akishasema anajishikiza, haulizwi ni wapi, kwa shilingi ngapi, wala mpaka lini.

Kinachonisumbua ni kwamba lugha yenyewe ilishatupa njia. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu "nzuri", hata kama usiku kucha hukulala kwa sababu ya mgonjwa. Hiyo ni adabu, na hakuna anayeihesabu kuwa uongo. Lakini ukishakaribishwa kiti na maji yakaletwa, inakuja "ila". Nzuri, ila mama miguu inamsumbua. Nzuri, ila yule mdogo wetu amerudishwa ada. Habari yenyewe huanzia pale. Barua nazo zilifuata mwendo huohuo: salamu ndefu, kisha dhumuni. Shaaban Robert aliandikiana na mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi, na barua alizomtumia kati ya 1931 na 1958 zikaja kuchapwa kitabu. Ni taarifa za maisha pia, ila zinakwenda kwa mtu mmoja, tena anayeijua nyumba ya mwandishi. Sisi tunaandikia watu 112 kwa mpigo, na kati yao yumo uliyemzidi alama na yumo aliyekukataa mwaka wa pili. Tunafika kwenye "nzuri" tunaishia hapo.

Nitaje iliyo bora, maana mhakiki asiyesifu hafai. Dada mmoja, ambaye darasani sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono, aliandika kwamba anauza chapati na maharage karibu na stendi ya mabasi. Akaeleza: huamka saa tisa usiku, mwezi wa kwanza unga ulimwaribikia kwa mvua akalia mbele ya mteja, mteja yule alilipa chapati ambazo hakula. Akamaliza hapo. Hakutuombea wala kututia moyo. Alipata majibu matatu, wakati aliyeweka picha ya gari alipata sitini. Namshikilia yeye, ingawa na mimi nilikuwa kati ya wale sitini.

Yangu sasa. Niliandika: "Namshukuru Mungu, nipo Morogoro kwenye sekta ya elimu, nafundisha na kufanya utafiti mdogo." Kila neno ningeweza kulitetea mahakamani. "Sekta ya elimu" ni shule ya kata ninakojitolea, na posho yangu ni 80,000, miezi ambayo wazazi wamechanga. "Utafiti mdogo" ni siku tatu nilizomjazia mtu madodoso. Kifundi ni aya safi. Haina hata "ila" moja.

Wiki mbili baadaye alinipigia niliyekuwa nalala naye chumba kimoja Mabibo. Ameitwa kwenye usaili Dodoma, nauli imepungua elfu thelathini, na yeye ameona kwenye kundi kwamba nimeshika vizuri. Kwenye simu yangu kulikuwa na 11,000. Ningesema tu hivyo. Nikasema mwezi umekaa vibaya, niko kwenye ujenzi kidogo. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa kaka, hongera kwa ujenzi."

Hakwenda Dodoma. Desemba iliyofuata taarifa yake ilikuwa na maneno mawili, "Mapambano yanaendelea," nayo ikapata vidole gumba ishirini na kitu. Nilikuwa msomaji pekee aliyejua kilichofupishwa mle, na mimi sikuweka kidole.

Juzi admini ameuliza tena. Kabla ya kuandika kundini nilimwandikia yeye pembeni: posho, zile 11,000 za siku ile, na kwamba hakuna ujenzi, sijawahi kununua hata tofali. Alama ziligeuka bluu saa mbili usiku. Asubuhi akajibu akiuliza kama shuleni kwetu kuna upungufu wa mwalimu wa Jiografia, hata kwa kujitolea, na chumba huku kinapangishwa kwa bei gani.