Tabaruku Iliyochongwa Mara Mbili

Ubavuni mwa Kanisa la San Giorgio in Velabro, mjini Roma, limesimama lango dogo la mawe lililowekwa wakfu mwaka 204. Walioligharimia hawakuwa wakuu wa dola wala majemadari, bali wabadilishaji fedha na wafanyabiashara wa soko la ng'ombe. Juu yake walichonga tabaruku ya kumtukuza Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, pamoja na jamaa zake.

Kwa upande wa fani, tabaruku hii ni utungo wa sifa wenye kanuni kali. Majina hufuatana kwa daraja: baba, kisha mwana, Caracalla, kisha mama, Julia Domna. Kila jina hubeba msururu wa vyeo. Watoaji huja mwisho, kwa maneno machache ya unyenyekevu.

Hata hivyo, utungo usomekao leo sio wa mwaka 204. Plautianus, baba mkwe wa Caracalla, aliuawa mwaka 205, na binti yake Plautilla akahamishwa. Severus alifariki mwaka 211, akawarithisha wanawe wawili kiti kimoja. Kabla ya mwaka huo kwisha, Caracalla akamwua nduguye Geta. Wote watatu wakafutwa. Ndani ya lango, kando ya sanamu ya mama, pamebaki jiwe tupu.

Kwenye maandishi, lakini, pengo halikuachwa, lilijazwa sifa. Julia, aliyekwisha kuitwa mama wa kambi za jeshi, aliongezewa umama wa seneti na wa nchi, maneno yaliyochongwa juu ya jiwe lililokwanguliwa. Mwanahistoria Cassius Dio asimulia kwamba mama huyo hakuruhusiwa hata kumlilia mwanawe. Vivyo hivyo katika lango kubwa la Severus la mwaka 203: palipokuwa na jina la Geta pakawekwa sifa za watawala bora na mashujaa, ingawa matundu ya herufi za shaba bado yanalifichua jina la awali.

Udhaifu wa utungo huu si kwamba unasifu kupita kiasi. Ni kwamba sifa zake hazimchori mtu. Ushujaa, wema na heri ya Kaisari ni mavazi yasiyo na kipimo. Yakivuliwa kwa mmoja humkaa mwingine, wala mizani haiharibiki. Ndiyo maana patasi ilifanya kazi yake kwa wepesi.

Maneno pekee yenye mahali na kazi ni ya watoaji, wanaojitaja kuwa wafanyabiashara wa papo hapo, waletao bidhaa sokoni. Mstari huo haukuguswa na patasi. Wasifiwa walibadilishwa, wachuuzi wa ng'ombe wangali wanasomeka kama walivyojiandika.